Krismasi Niliyopokewa na Wafugaji

Namshukuru Mungu kwanza, ninyi nitawafikia. Wazee, shikamooni. Mmeniomba nishuhudie Krismasi hii kwa sababu vitunguu saumu vyangu vinajaza lori na mabati ya kanisa nimechangia. Basi nisikilizeni mpaka mwisho, na mtu asinianzishie pambio nikiwa katikati.

Nilizaliwa hapa Mbulu, nikaimba kwaya humu humu. Nilipopata mimba bila ndoa, baba alisema mtoto wa namna hiyo akizaliwa ndani ataleta mkosi kwenye boma. Ndugu zangu, nawaambia, baba alishiriki meza ya Bwana bila kukosa, na bado alikiogopa kichanga kuliko alivyomwogopa Mungu.

Uchungu ulipokaribia akanifukuza. Nikakimbilia hapa kanisani. Akina mama walikuwa wanapamba hori la Krismasi, wanabishana kama mwanasesere wa mtoto Yesu alazwe kwenye nyasi au kwenye khanga. Nikawaeleza shida yangu. Mmoja akasema nisisogee, watoto wataniona. Mzee wa kanisa akanisindikiza mpaka nje ya uzio.

"Kanisa lina heshima yake," akasema. "Kajifungulie mbali, halafu urudi utubu."

Mnamtafutia mwanasesere pa kulala huku mnamfukuza mwenye mimba. Akili hiyo sijui mliisomea wapi.

Nikapanda basi mpaka nauli ilipoishia, nikatembea kuelekea Gehandu, mvua inaninyeshea na tumbo linauma. Nguvu zikaniishia nje ya boma la wafugaji, wale ambao humu tunawaita washenzi tukiwaombea waokoke. Nilishaamua: nikizaa, mtoto nimwache pale, mimi nikafe zangu.

Akatoka mama mmoja. Nikamwambia ukweli wote: sina mume, kwetu wamenifukuza, nikizalia kwake labda nitamletea mkosi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"Mvua inanyesha," akasema. "Ingia."

Hakuuliza dhehebu. Alinilaza kwenye ngozi yake mwenyewe karibu na moto, akanizalisha. Mumewe akachinja kondoo ninywe supu. Nilipoamka niliwasikia wanagombania kumpakata mwanangu, nikalia sana. Wazo la kumwacha likaniishia pale pale. Krismasi niliielewa siku hiyo, nyumbani mwa watu ambao hawajawahi kuiimba. Mungu alikuja akiwa mtoto asiye na pa kuzaliwa, na wenye nyumba za heshima ndio waliomkosa. Ninyi mnaiigiza habari hiyo kila mwaka, na kila mwaka inawapita.

Nilikaa nao mpaka mtoto akatembea. Walinipa mbuzi, wakazaana, nikauza nikakodi shamba. Mwanangu sasa anasomea uuguzi. Nawashukuru yule mama na mumewe mbele yenu, kwa sababu hapa hawapo. Niliwaalika. Mama akauliza kama ninyi ndio wale walionifukuza, kisha akasema ni afadhali abaki na ng'ombe.

Somo langu ni hili: anayefukuzwa mlangoni kwenu, Bwana anaondoka naye. Na msiseme hayo ni ya zamani. Juzi mlimwondoa kwenye kwaya binti mwenye mimba. Anaishi kwangu. Nimekuja naye, amesimama pale nje, anaogopa kuingia.

Ninyi wa benchi la mbele, sogeeni akae. Nakwenda kumleta.