Gigabaiti Mia, Siku Kumi na Moja

Benchi lililo mbele ya duka la kinyozi linatosha watu watatu, na kila asubuhi ni walewale: Kinyozi mwenyewe; Betri, fundi wa saa, aliyeitwa hivyo kwa kuwa maneno hayamwishii; na Rula, aliyechora ramani za viwanja miaka thelathini na miwili na bado anataka kila kitu kiitwe kwa jina lake. Leo Rula hakuwa amegusa kahawa yake. Intaneti ya nyumbani kwake ilikuwa imekwisha tarehe kumi na moja, na jana alikuwa amemwambia binti wa dada yake atafute pa kuishi.

— Bando la mwezi mzima! alisema Kinyozi. Huyo mpwa wako analila au analimwaga?

— Si bando. Ni kifurushi. Gigabaiti mia moja. Kila jioni anafundisha watoto sita hesabu kwa video. Nikaona ni yeye tu.

— Akasemaje?

— “Sawa, mjomba.” Basi. Leo akitoka kazini anachukua mizigo yake.

Betri alitikisa kichwa.

— Umemwonea. Huyo ni jirani. Intaneti inapenya ukuta kama harufu ya vitunguu.

— Neno langu la siri lina herufi kumi na nne.

— Rauta umeiweka wapi?

— Dirishani.

— Si ndiyo hiyo! Inamwagikia barabarani. Wapita njia wanaondoka nayo mifukoni.

— Wapi! alidakia Kinyozi. Ni simu. Ukizilaza simu mbili meza moja, zinasengenyana mpaka asubuhi. Umbea unakula data, kaka.

— Halafu siku hizi tunauziwa gigabaiti nyembamba, alisema Betri. Zile za zamani zilikuwa nene.

Msoma mita za maji, aliyekuwa amechuchumaa ukutani akifuta kioo cha mita ya duka, aliinua kichwa.

— Shikamooni, wazee wangu. Samahani, nimewasikia. Nyumba ikiwa tupu, mnaacha nini kimewashwa?

— Hatusemi maji, mwanangu, alisema Betri.

— Najua, baba. Ndiyo maana sijasema bomba.

Rula alianza kuhesabu saa kwa vidole. Miaka yote, nyumba ikibaki bila mtu, waliacha redio ikiongea ili mwizi adhani kuna watu. Redio ilikufa mwezi uliopita. Tangu hapo mlinzi alikuwa televisheni mpya. Saa mbili asubuhi, mpwa akiwa shuleni anakofundisha na mke dukani, Rula aliiwekea video za mpira za kwenye intaneti, moja ikiisha inaanza nyingine, mpaka mke arudi saa nane. Saa sita kila siku, picha safi kabisa, na hakuna anayetazama.

Mbinu hiyo aliwafundisha na wenzake. Kinyozi alitazama viatu vyake. Betri alikoroga kahawa isiyo na sukari.

— Basi nimeuliza vibaya? alisema msoma mita.

Rula alisimama, akafunga kifungo cha juu cha shati.

— Unakwenda kununua redio? aliuliza Kinyozi.

— Redio itasubiri. Saa nne walimu wana mapumziko.