Minerva ya Avenyu ya Kumi na Tisa

Kijiwe cha avenyu ya kumi na tisa, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, kilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya nyumba ya Muzee Hamimu. Kila siku baada ya swala ya alasiri, Mohamadi alitua birika lake la kahawa ya tangawizi juu ya mbabula ya makaa, akaosha vikombe ndani ya ndoo, na wenyewe wakaanza kufika mmoja mmoja. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, vita viko milimani, na giza likiingia hakuna ruhusa ya kutoka nje, kwa hiyo watu walizungumza mapema na walizungumza sana. Wangeanza na bei ya sukari au mpira wa Jumapili, lakini haukupita muda kabla maneno hayajageukia gari lililosimama hatua tano kutoka ubaoni, chini ya turubai la kijani.

Gari hilo lilikuwa Minerva. Kwa asiyeijua, Minerva ni Landrova waliyoiunda Wabelgiji kwa ajili ya jeshi lao, miaka ya hamsini. Waliiunda miaka michache tu, kisha basi, haikutoka nyingine. Bujumbura nzima ilikuwa imebaki hiyo moja. Hamimu aliishika akiwa kijana, dereva wa bwana shamba Mbelgiji aliyegawa miche ya kahawa milimani, na bwana huyo alipofungasha virago mwaka wa sitini na mbili alimwachia ufunguo. Tangu hapo Hamimu hakupumzika. Taa moja ilikuwa ya Peugeot 404, bomba la rejeta lilitoka kwenye mashine ya kusaga mahindi, na usukani ulikuwa wa lori la bia. Mkewe, Asiya, aliita gari hilo "bi mdogo", na mtu akimuuliza mumewe yuko wapi, hujibu kwamba leo ni zamu ya mwenzake.

Sasa ilikuwa miezi kumi bi mdogo hainuki. Kipande cha mpira ndani ya pampu ya mafuta, chembamba, cha duara, kisichozidi kiganja, kilikuwa kimepasuka, na bila hicho mafuta hayafiki kwenye injini. Hamimu alikitafuta kwenye maghala ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, akakitafuta kwa mafundi wa Kamenge, akawaagiza madereva wachache waliokuwa bado wanavuka kwenda Uvira, upande wa Kongo. Walirudi mikono mitupu, na mmoja alimwambia kwa upole kwamba kule hakuna hata mtu aliyewahi kulisikia jina hilo.

Fundi wake alikuwa Ilias, ambaye kila mtu alimwita Buji, yaani plagi kwa Kifaransa, kwa sababu mfukoni hakukosa plagi kuukuu aliyokuwa akiizungusha vidoleni akifikiri. Wa pili pale kijiweni alikuwa Gélase, karani wa ofisi moja ya serikali huko Kigobe. Huyo walimwita Dikre, yaani amri ya serikali, maana hata akiomba sukari ungedhani anasoma tangazo la serikali redioni.

Jumatano moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imekatika kidogo, ubishi uliangukia madigadi ya mbele. Landrova ya Mwingereza madigadi yake yamenyooka. Ya Minerva yameinama kwa mbele, kama mabega ya mtu aliyechoka. Kwa nini?

— Mi nasema ile ni protokoli, alisema Dikre. Mukubwa wa jeshi akikaa ndani, lazima aone viatu vya askari wake kama viko safi. Ndiyo maana walikata pale.

— Apana, alisema Buji. Vita ilikuwa imekula chuma yote ya Ulaya. Walifika pale mbele, chuma ikaisha.

Mohamadi, aliyekuwa akimimina kahawa, alisema wote wawili wamepotea. Ubelgiji kuna kuku wengi, na kuku hupenda kulala juu ya magari. Madigadi yakiinama, kuku anateleza. Dikre alikataa kabisa kuku kuingizwa kwenye mambo ya kijeshi. Buji naye, alipoona chuma chake kimekosa wateja, akageuza: sasa alisema gari lile lilikusudiwa kuogelea, na kwamba marehemu baba yake mdogo aliliona kwa macho yake likikata maji ya Tanganyika kama bata, askari sita ndani, hakuna aliyelowa. Mohamadi akauliza kama bata huyo alikuwa akipiga honi. Hamimu alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Kwake hizo ndizo zilikuwa saa nzuri za siku. Gari halikutembea, lakini angalau lilitajwa.

Ndipo akatokea Caritas. Alikuwa muuguzi, amepanga chumba uani kwa Asiya wiki ya pili hiyo, na alikuwa ametumwa na mwenye nyumba wake kujaza kahawa kwenye chupa ya chai. Alisimama, akawasikiliza mpaka kwa bata, akatazama turubai, kisha akamgeukia Hamimu.

— Samahani, muzee. Siku ikiwaka, mutaenda nayo wapi?

Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua tu. Plagi ilisimama vidoleni mwa Buji. Mohamadi alijaza chupa mpaka ikafurika.

Hamimu alitazama mwisho wa avenyu, pale milima inapoonekana juu ya mabati, kijani na karibu kama unaweza kuigusa. Miaka thelathini kazi ya Minerva ilikuwa kupanda huko. Hasa Rukina, kilima ambacho njia yake ilikuwa mawe na utelezi na hakuna gari jingine lililothubutu. Ilipandisha miche, ikateremsha magunia ya maharagwe, ikabeba maharusi, ikabeba wagonjwa. Tangu mwezi wa kumi wa tisini na tatu, vita vilipoanza, hakuna aliyepanda Rukina. Na yeye miezi kumi anahangaikia kipande cha mpira, hajajiuliza hata mara moja anakitafutia nini.

Jioni hiyo alimwambia Asiya kwamba amechoka, na kwamba labda afadhali wanunuzi wa vyuma vikuukuu waje waichukue, waikatekate. Alitarajia mkewe afurahi. Asiya aliendelea kuchagua mchele mpaka sinia likaisha.

— Hatoki hapa, alisema. Nimeshamuzoea.

Siku mbili Hamimu hakutoka kukaa ubaoni. Wenzake walikuja, wakanywa, wakajadili mvua, wakaondoka mapema. Hata kuku wa Mohamadi hawakuwa na ladha bila mwenye gari kuwacheka.

Jumamosi asubuhi Caritas aligonga mlango. Mkononi alikuwa na kipande cha mpira mwekundu, kama ule unaotandikwa chini ya shuka kwenye vitanda vya wodi ya wazazi. Ulikuwa umechanika, umetupwa, na yeye alikuwa ameuosha.

— Muzee, sikuuliza kwa ubaya, alisema. We uko na gari, huna pa kwenda. Mi niko na pa kwenda, sina gari.

Akaeleza. Kazi yake ilikuwa Buterere, bondeni, kwenye kambi ya watu walioteremka kutoka milimani. Mvua ilikuwa imegeuza njia kuwa uji, na gari la wagonjwa lilikuwa limezama humo tangu Jumatatu. Kambini watoto walikuwa wameanza kuugua surua. Dawa ya chanjo ilikuwa Kamenge, ndani ya sanduku la barafu, na barafu yenyewe isingevuka siku hiyo. Esansi, petroli ya gari, walimpa kazini, bidoni nusu. Gari la kupita pale ndilo hawakuwa nalo.

Hamimu alivaa viatu, akaenda kumwita Buji.

Buji aliuvuta ule mpira, akaunusa, akauma ukingo wake. Kisha akakilaza kile kipande kilichopasuka juu yake, akachora kwa kalamu, akakata kwa wembe, tabaka mbili, akatoboa matundu kwa msumari wa moto. Kazi ya miezi kumi ilimchukua chini ya saa moja. Alisema hautadumu, esansi itaula, lakini kwenda na kurudi utafika. Dikre, ambaye Jumamosi haendi ofisini, alishika tochi ingawa jua lilikuwa limeshawaka, kwa sababu hakutaka kukosa cha kushika.

Hamimu aliingiza manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia, mbele ya injini, akasema bismillahi, akazungusha. Ilikohoa. Akazungusha tena, ikakohoa na kutema moshi mweusi. Mara ya tatu ikanguruma, ubao wa kijiwe ukatetemeka, vikombe vya Mohamadi vikagongana ndani ya ndoo. Asiya alikuwa mlangoni. Alijifunika mdomo kwa mtandio, lakini mabega yalionyesha kwamba anacheka.

Waliondoka wanne. Hamimu kwenye usukani, Caritas kando yake, Buji na Dikre nyuma. Kamenge walipokea sanduku, na Dikre akalikumbatia kama mtoto mchanga. Kwenye kizuizi cha mwisho askari alilizunguka gari mara mbili, akauliza ni gari gani hilo. Dikre alianza kumweleza kuanzia kuundwa kwake, na kabla hajafika ukurasa wa pili askari alikuwa ameshusha kamba na kuwaashiria wapite.

Kisha lami ikaisha. Matope yalikuwa meusi, mazito, yanafika kwenye ringi. Hamimu alisimamisha, akasukuma ule mkono mfupi unaounganisha magurudumu ya mbele, akaingiza gia nzito, akaachia klachi taratibu. Mikono yake ilikumbuka yenyewe. Minerva iliinama kushoto, ikainama kulia, ikaingia kwenye maji, ikatoka. Walilipita lile gari la wagonjwa limekaa tumbo chini, na Buji akalipigia saluti. Caritas alimsikia Hamimu akivuta kaswida chini kwa chini, na jasho limemjaa usoni kama mtu wa miaka thelathini.

Kambini akina mama walipanga mstari kabla hata injini haijazimwa. Barafu ilikuwa bado vipande. Caritas alianza kazi mara moja, na Dikre akajipa cheo cha kuandika majina.

Hamimu alikuwa akifuta matope kwenye taa alipomwona bikizee mmoja, Barandereka, akija na fimbo yake. Aliweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa moto, akakiacha hapo. Halafu akasema kwa Kirundi, bila haraka, kwamba hii ni ile gari ya miche ya kahawa, na huyu ni Hamimu, ila amezeeka. Alikuwa wa Rukina. Akawaita wengine. Alikuja mwanamume aliyewahi kuteremshwa ndani ya gari hilo akiwa na mguu uliovunjika, akauonyesha mguu. Alikuja mama aliyepanda humo siku ya harusi yake, akaanza kubishana na dada yake kuhusu nani alikaa mbele. Walikuwa Rukina nzima, au waliobaki. Miaka mitano Hamimu alidhani njia ya kwao imefungwa, na sasa walimzunguka, wanamshika mikono, wanamuuliza habari za Asiya kwa jina. Alikuwa akicheka na kujifuta macho kwa kitambaa kile kile cha matope.

Kazi ilipokwisha, jua limeanza kuinama, waliligeukia gari wakakuta Barandereka ameshakaa kiti cha mbele. Fimbo katikati ya magoti, kifurushi cha nguo mapajani, macho yanatazama mbele, kule iliko milima.

— Tunapanda Rukina saa ngapi? aliuliza.

Hamimu alimtazama Dikre. Dikre alimtazama Buji. Buji alitazama matope. Caritas aliacha kufunga sanduku, mkono uko juu ya kifuniko.

Hamimu alizunguka, akaukaza mlango upande wa bibi, akapanda kwenye usukani na kuwasha. Akatia gia ya kwanza, akamzungusha kambi nzima, polepole, bibi akiwapungia mkono majirani zake wa Rukina nao wakimpungia. Walipofika pale walipoanzia, bibi hakushuka. Hamimu hakumwambia ashuke. Alikata kona, akaanza mzunguko wa pili.