Goti la Velt Gaddis na Ukimya wa Kocha Tarver

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo: jikoni, kwa kinyozi, au ndani ya gari mkimngoja mtu atoke kwenye mazoezi ya kwaya. Saa hii ya Jumatano ilikuwa yake kwa miaka mingi. Leo tumekaa nayo bila yeye.

Kocha Hollis Tarver amefariki. Narudia kwa mliochelewa kufungua redio. Kocha Hollis Tarver, aliyeifundisha timu ya Chuo cha Sandifer hapa hapa Okatuma, amefariki dunia, na Jumamosi tulimzika. Mkiniuliza najisikiaje, sijui. Nilimuuliza mkewe, Bi Verlene, swali hilo hilo sebuleni kwake, meza imejaa vyakula vya majirani na hakuna aliyefunua hata sufuria moja.

Akanijibu, "Mwanangu, nimekufa ganzi. Nakingoja kilio, hakiji. Jana nimekaanga mayai mawili, moja nikaliweka kwenye sahani yake. Nikala langu. Nikaosha vyombo. Basi."

Tuanze nyuma kidogo. Hollis Tarver alizaliwa kwenye mashamba ya pamba, kaskazini ya mto. Baba yao alikuwa shemasi, mtu wa maneno machache na mkanda mrefu. Watoto wa kiume walikuwa wawili, Hollis na kaka yake Ezell. Wote wawili walipata nafasi Sandifer kwa sababu ya mpira wetu huu wa kubeba na kukimbia nao, na wote wawili walicheza timu moja. Ezell ndiye aliyekuwa bora. Hollis mwenyewe alikuwa akisema hivyo, bila kuulizwa.

Kocha wa wakati ule alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa, wanafunzi wakiwa wamekaa kwenye ibada ya chuo, alisimama mbele akasoma majina ya wachezaji aliowasimamisha. Jina na kosa. Ijumaa moja akasoma jina la Ezell Tarver. Kosa: ulevi. Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imevuka mto na kumfikia shemasi.

Shemasi hakugombana na mtu. Aliondoa kiti kimoja mezani, akakipeleka bandani. Ezell alipanda basi la Detroit, na hakurudi hata kumzika mama yao. Charlesetta, binti wa Kocha, anakumbuka baba yake akisema, "Pombe ilimtoka Ezell asubuhi yake. Jina halikumtoka."

Basi Hollis Tarver alipopewa timu, aliweka nadhiri. Mchezaji wake akikosa, ataadhibiwa. Atapanda ngazi za uwanja mbio mpaka atapike. Jumamosi hatacheza. Lakini jina lake halitatangazwa. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa, maana ndilo kila kitu kwenye maisha ya mtu huyu: jina halitatangazwa.

Nadhiri nzuri. Taabu ni kwamba kulikuwa na Jumatano. Kila Jumatano jioni redio hii ilipeleka vinasa sauti kwenye mgahawa wa Pinky, pale kwenye kambare wa kukaanga, na Kocha akakaa mezani kujibu maswali ya watu huku wakitafuna. Na mji wetu mnaujua. Mtu asipoonekana kanisani mwezi mzima, tunamwombea. Mchezaji asipoonekana uwanjani Jumamosi moja, tunataka maelezo.

Kocha akaanza kudanganya. "Fulani ameumia kifundo cha mguu." Wiki nyingine, "Fulani ameumia paja." Mara mgongo. Mara mafua, tena Septemba, jua linachoma mpaka lami inanata. Na hakujua kabisa kudanganya. Kila alipodanganya aliangalia sahani yake. Haikuchukua muda watu wakamsoma. Akisema ameumia, maana yake amesimamishwa.

Tate, kinyozi wa Mtaa wa Tatu, hakukosa kupiga simu. "Kocha, naona Sandifer mna wagonjwa kuliko hospitali ya kaunti. Huko mnacheza mpira au mnavunjana mifupa kwa zamu?"

Kocha akacheka. Watu wakacheka. Pinky mwenyewe akaja na mkate wa mahindi mwingine. Mama wa wale wachezaji, wengi wao wa mbali, waliambiwa kwenye simu kwamba ni misuli tu, na waliamini. Hakuna aliyeona ubaya. Bi Verlene anasema hata yeye hakuuona.

Sasa tuje kwa Velt.

Roosevelt Gaddis, Velt kwa watu wote, alikuwa mtoto wa hapa hapa. Mama yake, Bi Ozella Gaddis, alipika kwenye shule ya msingi. Wengi wenu mmekula maharage yake. Baba hakuwepo. Velt alikuwa mkimbiaji. Mwekeeni mpira kwapani, halafu jaribuni kumkamata. Mwaka wa tisini na moja watu wa timu za kulipwa walikuwa wameanza kuja Okatuma kumtazama, nasi tukawa tunavaa mashati mazuri kwenda uwanjani. Kijana mpole. Jumapili alipitisha sahani za sadaka, mama yake akimwangalia kutoka kwenye kwaya.

Jumanne moja ya Oktoba, mazoezini, Velt aligeuka kwenye nyasi zenye maji. Hakuna aliyemgusa. Yeye akaenda huku, goti likaenda kule. Daktari wa timu akalipapasa, akasema limechanika kidogo ndani. Likipumzishwa mpaka Krismasi, litapona. Sikieni tena: likipumzishwa, litapona.

Kesho yake, kwa Pinky, Kocha akasema kwenye redio, "Velt Gaddis ameumia goti. Hatacheza kwa muda." Siku hiyo hakuangalia sahani. Aliwaangalia watu machoni. Hakuna aliyeliona hilo.

Simu ikalia. Tate. "Kocha, hilo goti lilikamatwa na polisi wa wapi?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Tunayo kanda yake hapa studio. Mnasikia vicheko, mnasikia uma unaanguka, halafu mnasikia Kocha akisema, "Jamani, ameumia," na vicheko vinazidi.

Alhamisi ikasemwa Velt ameiba mtihani. Ijumaa ameiba gari. Jumapili, kwenye ngazi za kanisa, alikuwa tayari ana mtoto wa nje kule mji wa Jackson. Akaja na magongo, mwanamke mmoja akamgonga mwenzake kwa kiwiko. "Ona, safari hii wamempa mpaka na magongo! Kocha anajua kupamba."

"Ndugu yangu, lisemwalo lipo."

"Kama halipo, laja. Lakini hili lipo."

Mashemasi wakamwita Velt pembeni, kwa upole kabisa, wakamwomba apumzike kidogo kupitisha sadaka. Bi Ozella aliimba wimbo mzima macho yameganda kwenye kitabu, na kitabu, wanasema waliosimama karibu naye, hakikuwa kwenye ukurasa ule.

Siku chache baadaye Velt akaenda nyumbani kwa Kocha. Kocha alikuwa uani anaokota pekani, zile njugu zinazoanguka mtini. Bi Verlene alikuwa dirishani, na yafuatayo ni kama alivyonisimulia.

"Kocha, waambie."

"Niliwaambia, kijana. Nimesema umeumia."

"Hiyo ndiyo taabu yenyewe! Sema sikusimamishwa. Sema kwenye redio. Maneno mawili tu."

Kocha akainama, akaokota pekani nyingine. "Nikisema wewe hukusimamishwa, nimesema wale wengine walisimamishwa."

"Kwani si kweli?"

"Ni kweli. Na mama zao wanajua ni misuli. Unataka niwaaibishe mama za watu sita nikiwa na kambare mdomoni?"

"Na mama yangu mimi?"

Bi Verlene anasema Kocha aliendelea kuokota pekani mpaka kijana akaondoka na magongo yake, na alipoingia ndani yeye, mkewe, alimwambia, "Hollis, umeyatunza majina ya wote wenye makosa. La huyu asiye na kosa ndilo umelitupa." Kocha alinawa mikono. Hakula.

Jumatano ikaja. Kocha alikaa kwa Pinky, akazungumzia hali ya hewa na timu ya wageni. Hakusema.

Jumamosi ilikuwa sherehe ya waliosoma zamani kurudi chuoni. Bendi, moshi wa mbavu za kuchoma, kofia za akina mama kubwa kama meza. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Kocha alimkuta Velt amevaa jezi, analifunga goti kwa bandeji, mzunguko juu ya mzunguko.

"Vua," Kocha akasema.

"Ukinizuia leo, mama ameketi pale juu, utakuwa umewathibitishia."

Msaidizi wa Kocha aliyekuwepo pale ndiye aliyenisimulia. Kocha alisimama mlangoni. Alikuwa mtu mpana, angeweza kuuziba ule mlango wote. Akasogea pembeni.

Velt alipewa mpira mara ya kwanza, akakimbia, uwanja ukasimama. Mara ya pili akaanguka, na hakuinuka. Goti halikuchanika tena kidogo. Lilikwisha. Watu wa timu za kulipwa walikunja karatasi zao kabla hajatolewa uwanjani.

Mtadhani mji uliamini sasa. Wasikilizaji wapendwa, mji wetu una akili zake. Watu walisema goti limevunjika leo. Lile la wiki iliyopita lilikuwa la uongo. Wakasema alisimamishwa, akarudishwa kwa upendeleo, Mungu akamwonyesha. Ikabaki hivyo. Velt alimaliza chuo, akawa mwalimu wa hesabu, akaoa, akazeekea hapa hapa na fimbo yake. Na kila mgeni aliyeuliza, aliambiwa, "Huyo ni Gaddis, yule aliyesimamishwa."

Kocha aliendelea kufundisha, akashinda vikombe, akastaafu, tukaipa barabara jina lake. Hakusema. Bi Verlene anasema kila vuli, msimu wa mpira ukianza, mumewe alimwambia, "Mwaka huu nitasema," na kila vuli ikapita. Alikuwa akikaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Ukimuuliza anawaza nini, anasema hawazi kitu, na mkewe anaamini kweli hakuwa akiwaza kitu.

Januari mwaka huu Bi Ozella Gaddis alifariki. Baada ya mazishi, chakula kikiwa kinagawiwa kwenye ukumbi wa kanisa, Kocha alimfuata Velt. Velt alimwambia jambo, na ameniruhusu nilirudie hapa.

"Siku ya mwisho mama aliniomba nimwambie nilifanya nini mwaka ule. Alisema, mimi ni mama yako, sitakuchukia. Nikamwambia, mama, sikufanya kitu, niliumia. Akanipapasa mkono. Akasema, basi, mwanangu, nimekusamehe."

Velt alinisimulia hayo bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma tangazo. Nami niliyaandika hivyo hivyo.

Mwezi wa Aprili Kocha Tarver alikuja hapa studio. Hakuwa amealikwa. Alikuwa amekonda, suti inamning'inia. Akakaa kwenye kiti hiki cha mbele yangu, akavuta kinasa sauti, akasema, "Roosevelt Gaddis hakusimamishwa kamwe. Aliumia mazoezini, siku ya Jumanne. Wengine niliosema wameumia, niliwasimamisha. Mimi nilidanganya, yeye akalipa." Akauliza kama tumesikika hewani. Nikamwambia ndiyo. Akakaa anaiangalia simu.

Simu ililia mara moja. Mtu alitaka kujua saa ya mchezo wa besiboli.

Kocha akavaa kofia yake akaondoka. Bi Verlene anasema alipofika nyumbani alisema maneno haya tu: "Nimechelewa, Verlene. Hata wa kukasirika hayupo." Vuli hii hakuifikia.

Kabla ya mazishi Bi Verlene alimpigia Velt simu kumwomba awe mmoja wa wabeba jeneza. Velt akasema, "Mama, goti haliwezi." Bi Verlene akamwambia, "Najua, mwanangu. Basi tembea mbele yetu." Jumamosi Velt akatembea mbele na fimbo yake, pole pole, na wale vijana sita wenye nguvu, na jeneza, na kanisa zima, tukaenda kwa mwendo wake mpaka kaburini. Hakuna aliyeharakisha. Hakuna aliyelia pia. Sijui tutalia lini.

Wiki hii mmenipigia simu wengi mkibishana. Kocha atangaze anaowasimamisha, au asitangaze? Kuna wanaosema mji una haki ya kujua. Kuna wanaosema makosa ya kijana si mboga ya mezani kwetu. Ezell alitangazwa, tukampoteza. Velt hakutangazwa, na tulimpoteza yuko hapa hapa. Ninachowaomba mkifikirie mkizima redio ni kidogo kuliko hicho. Siku ile kwa Pinky mtu alisema kweli, na sisi ndio tuliocheka. Midomo iliyoeneza uongo ilikuwa ya nani?

Kwa Bi Verlene, kwa Charlesetta, kwa wote waliowahi kupanda zile ngazi mbio, redio hii inatoa pole. Mungu ampumzishe Kocha Hollis Tarver.

Na kuna pole nyingine. Mtu akiumia hapa Okatuma, hata mbwa wa jirani, tunampa pole kabla hajakaa chini. Lile goti la Jumanne, mwaka wa tisini na moja, hakuna aliyelitolea pole. Si kanisa, si mji, si mama yake mzazi. Mwalimu Gaddis, najua unasikiliza. Pole, Velt. Pole sana kwa kuumia.