Bendera Nyeupe ya Malachy Beirne

Baba Padre, ndugu, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka Roscommon na Sligo, marehemu Malachy Beirne alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, nje kidogo ya mji wa Elphin, Roscommon, akiwa mtoto wa tano wa Mzee Thady Beirne na mkewe Bridie, wafugaji wa ng'ombe sita na punda mmoja mkorofi. Anayewasomea ni shemeji yake, Fintan Gilrane, ambaye mtamkuta tena ndani ya karatasi hii ya familia, na si mahali pa kujivunia.

Alisoma shule ya msingi hapo kwao kuanzia mwaka 1951, akavaa miwani akiwa na miaka tisa, na mwaka 1963 akaajiriwa kwenye kiwanda cha maziwa, akipima mafuta katika maziwa ya wafugaji, kazi ya kutazama mstari mwembamba kwenye chupa na kutamka unaposimama, bila kumpendelea mtu.

Jumapili tarehe 20 Julai 1975 ilichezwa fainali ya jimbo ya mpira wetu wa Kiayalandi, daraja la pili, kati ya Leitrim na Sligo, hapa Carrick-on-Shannon, na kwa kuwa refa huja na watu wake wanne wa kusimama golini, na refa wa siku hiyo alikuwa binamu yake, Malachy alivaa koti jeupe, akashika bendera nyeupe, ile inayoinuliwa mpira ukipita juu ya goli katikati ya milingoti miwili, ambayo ni pointi moja. Wenye umri wangu mnaikumbuka siku ile, baiskeli zilivyoegemezwa ukuta mzima wa kanisa, chai ya kwenye chupa za maziwa, mikate ya nyama ya nguruwe ndani ya gazeti, na mvua iliyoanza kipindi cha pili na kutukomesha. Timu zilikuwa sare, pointi kumi na tatu kwa kumi na tatu, dakika ya mwisho, mchezaji wa Sligo alipoupiga mpira kutoka pembeni, ukaenda juu sana, ukapita pale pale kwenye ncha ya mlingoti. Malachy akasita, akainua bendera nyeupe, pointi, na Leitrim tukakosa kombe. Kipa wetu, kijana wa miaka ishirini na miwili, alimfuata akipiga kelele, “Nje! Nje huo, we kipofu!” Kipa huyo alikuwa Fintan Gilrane.

Dada yake kipa, Attracta, aliruka uzio na mwavuli wake, akamtandika Malachy nao begani, mara mbili, akimwuliza kama miwani ile kaazima kwa bibi yake, naye Malachy akamjibu kwa upole kwamba mwavuli huo ungemfaa zaidi akiufungua, kwani analowa. Walifunga ndoa tarehe 16 Aprili 1977, na kwa mapenzi ya mke akahamia huku Leitrim, katikati ya watu aliowanyima kombe, wakajaliwa watoto watatu, Enda, Dympna na Colm.

Kwa miaka arobaini na minne hatukumwacha apumue. Wafugaji walimletea maziwa wakimwuliza, “Malachy, leo unaona?” Kwenye ubatizo wa watoto wake, harusini, hata misibani, lazima mtu angesema, “Ulikuwa nje ule,” na wote wangemgeukia kipa athibitishe, na kipa alithibitisha, akanunuliwa bia. Malachy alicheka pamoja nasi. Hakuwahi kujitetea hata siku moja.

Alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Mei mwaka huu wa 2019, akalazwa mwezi Septemba, na akafariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 10 Oktoba, mkewe akiwa amemshika mkono. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokamua ng'ombe wake bila kuombwa, wenzake wa kiwandani, na waamuzi wa kaunti zote tatu waliosimama barabarani leo wakiwa na makoti meupe.

Karatasi ya familia inaishia hapo. Yanayofuata ni yangu, na Attracta, dada yangu, unisamehe.

Jumanne nilikuwa naye peke yangu wodini. Aliniambia, “Fintan, sikuuona mpira ule. Miwani ilijaa mvua. Nilikutazama wewe, nikaona umeinamisha kichwa, nikainua bendera. Niambie kweli, ulipita ndani?” Kumbe mtu yule alikuwa amebeba swali hilo tangu mwaka 1975, akila Krismasi mezani kwangu, na jibu nilikuwa nalo mimi. Wakati huo huo wauguzi wakaingia na chai, nami nikafanya nilichozoea, nikasema kwa sauti, “Ulikuwa nje, we kipofu,” na chumba kizima kikacheka. Yeye pia alicheka, ila kidogo, akageukia dirishani. Nilijiambia nitamjibu vizuri Alhamisi.

Nimechelewa, nami naona aibu, lakini Leitrim nzima imo humu kanisani na ninataka isikie. Nilikuwa chini ya mlingoti ule na macho yangu yalikuwa makavu. Ulipita ndani, Malachy, kwa upana wa kiganja, na bendera uliyoinua ilikuwa ya haki.

Sasa pumzika, shemeji, kwa amani niliyokunyima.