Mtoto Aliyegeuka Kila Nilipoingia

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari wetu mkuu, wauguzi, wazazi wenzangu, nanyi watoto mnaosukumana hapo mbele, hamjambo.

Kwanza niwieni radhi. Muuguzi aliniomba hotuba hii mwezi wa pili. Nimeiandika jana, mtoto mmoja mgongoni, mwingine akininyang'anya kalamu.

Leo tunafungua chumba cha kupima usikivu wa watoto. Nimeambiwa nieleze faida yake. Mimi nitaeleza kosa langu.

Mimi ni fundi wa kushona. Binti yangu alikuwa akilala chini ya meza yangu: nikikanyaga cherehani anatulia, nikiacha anaamka. Nikasema anapenda mlio wake. Nikiingia chumbani, anageuka. Alipotimiza mwaka, mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto hasikii."

"Mama, masikio yako ndiyo yamezeeka, usimsingizie mtoto!"

Nikachukua sufuria, nikaibamiza sakafuni nyuma yake. Akageuka. "Umeona?" nikamwambia mama mkwe, nikajiona mshindi.

Ndugu zangu, nani alinidanganya? Sakafu yetu ni ya mbao. Mtoto alikuwa akinipokea kwa nyayo, kwa mgongo, kwa kivuli changu ukutani. Mwili wake ulifanya kazi ya masikio, nami sifa nikayapa masikio. Alipofika miaka mitatu hajaita hata "mama", muuguzi alimpakata, miguu ikining'inia, akapiga kengele nyuma yake. Mara moja. Mara tatu. Mwanangu aliendelea kuchezea kifungo cha sare.

Miaka miwili ile nitaifumua wapi niishone upya? Angekuwa na maneno mangapi leo? Mama mkwe yuko safu ya pili. Mama, uliona, nikakuziba mdomo. Nisamehe mbele ya watu hawa. Nilipomsomea hotuba hii jana alisema, "Usinisifu sana, watadhani nimekufa."

Sasa chumba kimefunguliwa lakini hakijatimia. Tuleteeni betri ndogo za vifaa vya masikioni, pakiti arobaini. Zulia nene, la kumeza mtikisiko wa sakafu. Viti vinne virefu, mtoto asiguse chini. Pazia zito la dirisha lile la barabarani. Na tuleteeni watoto wenu wachanga, hasa wale mnaoapa kwamba wanasikia.

Nawashukuru kwa kunitegea sikio.