Mchanga Ulioipa Skandinavia Jina

Benchi letu liko bandarini Skanör, kusini mwa Uswidi, limeegemea kibanda cha samaki, na mji mzima unaliita Benchi la Waongo. Hatukasiriki, wanaotucheka ndio hao hao wanaopita kuuliza habari. Asubuhi ile tulikuwa watatu: mimi, jirani yangu tunayemwita Bukini kwa shingo yake ndefu kama ya bata, na Kamusi, mwalimu mstaafu kutoka Stockholm. Verner, mdogo wake Bukini, alikuwa kule mchangani akiokota kaharabu zinazotupwa na mawimbi. Tukiwa kwenye kikombe cha kwanza cha kahawa, ukungu ukaingia.

— Rasi yote hii, akasema Kamusi, Uswidi na Norwei mpaka kwa Wasami, imepata jina kwa mchanga wetu huu. Skandinavia! Maana yake kisiwa cha hatari.

— Wacha fiksi! nikasema. Milima yote ile iitwe kwa fungu la mchanga?

— Mabaharia wa kale walizama hapa. Waliookoka wakadhani nchi nzima ndivyo ilivyo.

— Waliookoka wapi! akadakia Bukini. Mchanga ulijitaja wenyewe. Marehemu bibi alisema kila majira ya baridi unahama, na ukihama unatafuta jina.

— Si umeshapata la rasi nzima? nikamwambia. Utashiba.

— Haushibi ule. Haba na haba hujaza kibaba.

Tukacheka. Bukini akatazama ukungu, kicheko kikamkauka.

— Verner angekuwa ameshafika.

Kamusi akasimama, akaweka viganja mdomoni.

— Verneeer! Verner!

— We! Nyamaza! Umelitoa jina lake! akafoka Bukini.

Miaka yote aliyokaa kwetu Kamusi, hilo halijamwingia. Kwenye ukungu hatumwiti mtu kwa jina. Tunagonga chombo, aufuate mlio. Jina likiitwa, mchanga unabaki nalo, ndivyo tulivyolelewa. Bukini akanyakua birika, akamwaga kahawa yote chini, akaanza kuligonga kwa kijiko.

— Nimebaki na huyu mmoja tu, akasema. Huyu tu.

Tulikaa hivyo, roho juu, mpaka tukasikia viatu vya mpira. Verner akatokea, amelowa mpaka kiunoni, akajitupa benchini. Bukini akamkumbatia, akamtukana, akalia, na kijiko bado kinagonga.

— Kamusi, akasema Verner, mbona uliniita kutoka baharini? Nimeifuata sauti yako majini, ndipo nikasikia birika nyuma yangu.

— Mimi? Mimi sijaondoka hapa.

— Basi yaishe, nikasema. Mwenye kelele hana neno.

Hapo akaja mama mmoja na mbwa wake, mgeni aliyepanga nyumba ya kiangazi karibu na ufuko. Mbwa alikuwa anavuta kamba kuelekea mjini.

— Samahani jamani, huyo Verner ni nani, na mbona hamwendi kumchukua?

— Verner ni mimi. Nani kakutajia?

— Si mwenyewe? Yuko kule kwenye ukungu, kila mkigonga anajibu, "Verner huyu, nakuja."

Tukamgeukia Bukini. Alikuwa bado anagonga.