Wasifu wa Bi Haloo, Opereta wa Simu na Sauti ya Karakana

Alhamisi, tarehe 14 Mei 1959, mvua ilianza kabla ya jua kuchomoza, na upepo ukawa unagonga madirisha kama mtu aliyefungiwa nje. Saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mwashi mmoja na mkewe mshonaji, alizaliwa mtoto wao wa nne. Mama yake alipenda kusimulia kwamba kilio cha mtoto huyo kilivuka mvua hadi barabarani, na majirani wakapata habari kabla ya kuletewa. Baba yake alimtazama akirusha miguu, akasema, "Huyu hakuja kukaa." Na kweli hakukaa. Alitembea kabla ya kujifunza kutambaa vizuri, na hadi anaingia shule, kovu la kila kona ya meza ya nyumbani lilikuwa gotini kwake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya wasichana kuanzia 1973 hadi 1976. Alama zake zilikuwa za kuridhisha. Kwenye nafasi ya tabia, walimu wote, kama waliokula njama, waliandika neno moja: hatulii. Mwalimu mkuu ndiye aliyempatia dawa. Kipaza sauti cha shule kilipoharibika, alimpa kazi ya kusoma matangazo kila asubuhi gwaride likiwa limesimama, na kipaza sauti hakikutengenezwa tena mpaka alipomaliza kidato cha nne. Mwaka 1977 alifanya kozi ya upigaji chapa na uendeshaji wa swichibodi, na Jumanne, tarehe 3 Januari 1978, akaajiriwa kuwa opereta wa simu katika kiwanda cha mablanketi.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi, na dirisha lake moja lilitazama geti la malori. Palikuwa na kiti cha kuzunguka, lakini uliokitumia zaidi ni mkoba wake. Yeye alifanya kazi amesimama. "Haloo, kiwanda cha mablanketi, nikuunganishe na nani?" Hilo ndilo lililompa jina la Bi Haloo, kuanzia kwa walinzi wa geti hadi kwa mkurugenzi. Alikuwa na sheria yake ambayo hakuandikiwa na mtu: simu haiachwi ikalia, na anayesubiri hasahauliwi. Anayetafutwa akiwa mbali, kule kwenye mitambo, Bi Haloo alirudi kwenye laini kila mara kumpa moyo mpigaji. "Subiri kwenye laini, usikate. Anakuja, nimemtuma mtu."

Mmoja wa waliosubiri alikuwa seremala kijana aliyenunua mbao za makreti kiwandani. Alipiga kumtafuta mtunza stoo. Wiki iliyofuata akapiga tena. Baadaye akawa anapiga hata siku ambazo mtunza stoo alikuwa likizo, na alijua yuko likizo.

"Nikuunganishe na nani leo, Fundi?" Bi Haloo alimuuliza.

"Na yeyote atakayechelewa kuja."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1982, wakajaliwa watoto watatu. Fundi alijenga karakana uani, hatua chache kutoka jikoni, na kwa miaka yote iliyofuata nyumba hiyo iliamka kwa sauti ya randa. Bi Haloo alisema hakuhitaji saa ya kengele. Mbao zikianza kulia, naye alikuwa amekwisha kusimama.

Alistaafu tarehe 31 Mei 2019. Wenzake walimzawadia kiti cha kupumzikia, na kila aliyemfahamu alicheka. Kustaafu kulimwasha kama upupu. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alihamisha kabati la vyombo, akalirudisha, akalihamisha tena. Simu ya jirani ikilia upande wa pili wa ukuta, alinyanyuka. "Mama watoto, kaa chini," Fundi alimwambia, "hata saa ya ukutani husimama betri ikiisha." Naye akajibu, "Yangu haijaisha. Nani kakwambia imeisha?"

Lakini aliyekuwa anasimama alikuwa Fundi. Mwaka 2021 duka kubwa la fanicha lilifunguliwa barabarani, lenye vioo na viti vya plastiki vilivyopangwa hadi darini, na wateja wa karakana wakapungua, kisha wakakatika. Fundi hakulalamika. Alianza tu kuuza vifaa. Kwanza aliuza randa kubwa, kwa seremala wa mtaa wa pili. Bi Haloo alipokuwa akirudi kutoka sokoni akaisikia ikilia katika ua wa watu wengine, alisimama njiani na kikapu chake hadi akasahau alikokuwa akielekea. Jioni Fundi alikaa mlangoni mwa karakana, mikono juu ya magoti, na nyumba ikawa kimya. Bi Haloo alimwambia dada yake kwamba kimya kile kilimtisha kuliko ugonjwa wowote. "Mume wangu ataniondokea akiwa amekaa pale pale," alisema.

Ndipo Machi 2022, akiwa na miaka sitini na miwili, alipojiandikisha katika darasa la jioni la kuuza bidhaa kwa mtandao. Lilifanyika katika chumba cha juu cha maktaba, pazia limefungwa kwa kamba ya kiatu, na wanafunzi wengine walikuwa na umri wa kitinda mimba wake. Mwalimu alieleza habari za ukurasa, wafuasi na posti. Bi Haloo aliandika kila neno, akasimama nyuma ya darasa kwa sababu viti vilimchosha, akauliza maswali mpaka wenzake wakaanza kutazama saa.

Kuanza kwake hakukuwa kuzuri. Picha yake ya kwanza ilionyesha robo tatu ya kiti na kidole gumba kizima.

"Mama," mwalimu alimwambia, "mteja hanunui kidole."

"Kiti kipo nyuma yake."

"Kipo, lakini kimeonewa." Kisha mwalimu akasoma maneno ya chini ya picha: *Umma unaarifiwa kuwa viti vipo.* "Na hili, Mama, ni tangazo la kiwanda au la msiba?"

Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka kuwashinda. Akarudia. Alimkalisha Fundi kwenye kiti, akampiga picha bila kumtahadharisha, akiwa ameinua kikombe cha chai, na watu wakaipenda. Chini yake wakaanza kuandika maoni: "Bei gani?" "Mnaleta mpaka nyumbani?" Wengi waliacha namba zao za simu.

Hapo ndipo kazi ya zamani ilipomponza. Kwa Bi Haloo, namba iliyoachwa ni mtu aliyeko kwenye laini, na mtu aliyeko kwenye laini haachwi. Aliamka kabla ya jua, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kupiga. "Haloo, karakana ya Fundi hapa, uliuliza kiti, nikusaidie?" Watu walikuwa wamelala. Wengine walikuwa wameuliza kwa kupita tu, kama mtu anayeshika nyanya sokoni na kuendelea na safari. Wasiopokea, aliwapigia tena. Waliokata, alidhani laini ni mbovu, akawapigia mara ya tatu. "Mama, nyie matapeli siku hizi mnaamka mapema!" mmoja alimfokea. Ijumaa ya wiki hiyo, watu wa kutosha walikuwa wameripoti ukurasa huo kuwa ni wa utapeli, nao ukafungwa, pamoja na picha ya kikombe na wateja wote.

Fundi hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma. Alisema taratibu, "Basi, mke wangu. Umejaribu. Kuna mtu anautaka msumeno wa mezani. Atakuja mwisho wa mwezi kuuchukua."

Msumeno wa mezani ukiondoka, karakana inakuwa banda. Wote wawili walilijua hilo. Usiku ule Bi Haloo hakulala; asubuhi alikuwa mlangoni mwa maktaba kabla ya mwenye funguo.

"Nimeharibu wapi?" alimuuliza mwalimu.

"Umewapigia watu ambao hawakukwambia upige. Mtandaoni mtu anabisha hodi kwa maandishi kwanza, Mama. Anachungulia. Ukimrukia, anakimbia."

"Mimi maandishi yangu ni yale ya umma unaarifiwa."

Mwalimu alifikiri. "Basi usiandike. Tuma sauti. Fupi. Halafu, nakuomba kwa heshima zote, kaa utulie mpaka akujibu."

Kutuma sauti kulikuwa rahisi. Kutulia ndiko kulikomtoa jasho. Alifungua ukurasa mpya, na kila aliyeuliza alimjibu kwa sauti iliyorekodiwa karakanani: "Haloo, karakana ya Fundi, nikuunganishe?" Nyuma yake ilisikika randa ndogo, kwa kuwa alimlazimisha mumewe arande kipande chochote cha ubao. "Narandia nini?" Fundi aliuliza. "Randa tu. Kimya hakiuzi." Akishatuma, aliiweka simu ndani ya kabati la vyombo, akafunga, akazunguka nyumba, akarudi kuifungua, akafunga tena. Siku zikapita. Walijibu wawili watatu, wakasema wataangalia. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumapili.

Ijumaa, mkunga wa zahanati moja, aliyekuwa ameuliza kuhusu viti vifupi, alituma sauti yake mwenyewe. "Samahani Mama, nimeisikiliza hii mara nyingi. Wewe hukuwa kiwanda cha mablanketi? Baba yangu alikuwa mfumaji pale. Nikiwa mtoto, mama akizidiwa, mimi ndiye niliyekuwa napiga kumwita baba, na kuna mama alikuwa ananiambia, 'Subiri kwenye laini, mwanangu, usikate, baba anakuja.' Nilikuwa naogopa, lakini yule mama alikuwa anarudi kila mara. Ni wewe?"

Bi Haloo, ambaye hakuwahi kukosa la kusema kwenye simu, alikaa chini. Alikaa kwenye kile kiti cha zawadi, kwa mara ya kwanza, wasemavyo wanawe. Kisha akajibu, "Ni mimi. Baba alifika?"

"Alifika kila mara, Mama."

Mkunga aliagiza viti vinne vya kunyonyeshea, vifupi, vyenye mgongo wa kuegemea, akaisambaza sauti ile kwa wakunga wenzake. Jumapili mnunuzi wa msumeno alipokuja na mkokoteni, aliukuta unakata. Fundi hakuuzima. "Njoo kesho," alimpigia kelele.

"Kesho ya lini?"

"Ya mwakani!"

Kazi zilipozidi mikono ya mtu mmoja, seremala wa mtaa wa pili alikuja kuomba washirikiane, na akaja na randa kubwa begani. Haikuuliziwa bei. Ilirudi mahali pake ukutani, na nyumba ikaamka tena kama zamani. Bi Haloo naye alipata hadhi darasani. Kila kundi jipya lilipoanza, mwalimu alimwita aeleze namna ya kufungiwa ukurasa ndani ya wiki moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Aliisingizia vumbi la mbao, kisha baridi. Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023, daktari wa hospitali kuu alimweleza yeye na mumewe kwamba ni uvimbe kwenye koo, kwamba lazima ukatwe, na kwamba sauti itakwenda nao. Alifanyiwa upasuaji tarehe 23 Oktoba. Miezi iliyofuata alizungumza kwa macho, kwa kalamu, na kwa kugonga kijiko mezani Fundi alipochelewa chai. Hakukosa kufungua ukurasa hata siku moja, wala hakukosa kufagia. Mwezi Mei ugonjwa ulirudi, na Jumatano, tarehe 5 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Ameacha mume, binti mkubwa ambaye ni muuguzi, mwana mmoja ambaye ni dereva wa lori, binti wa mwisho ambaye ni fundi umeme, wajukuu watano, dada mmoja na kaka mmoja, na watu wengi waliowahi kumsikia bila kumwona, ambao baadhi yao wamefika leo na wanauliza hapa mlangoni picha yake ni ipi. Mungu ampokee. Yeye ambaye hakujua kupumzika, sasa na apumzike, na amani imkute ametulia.

Mumewe ameomba neno la mwisho liwe hili. Siku ile walitoka kwa daktari, wakarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi, Bi Haloo alichukua kigoda, akaenda karakanani, akamwambia Fundi arande. Akarekodi kila alichofikiri mteja angeweza kuuliza siku za mbele: bei, mbao, usafiri, samahani kwa kuchelewa, asante, karibu tena. Sauti ilipokwaruza alikunywa maji ya vuguvugu na kurudia. Ndizo sauti zinazojibu wateja mpaka leo. Alipomaliza, alitoka nje, akasimama upande wa pili wa ua, mgongo akiwa ameugeuzia karakana, akapiga simu. Simu ya Fundi ikalia mfukoni, katikati ya vumbi la mbao.

"Haloo," alisema Bi Haloo. "Nikuunganishe na nani?"

Fundi aliweka randa chini. "Na mke wangu."

"Subiri kwenye laini," alimwambia. "Usikate."